Nahodha wetu haoni vizuri, na siri ninayo mimi

Dada Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kidogo, mkazi wa Tanga, nina mke na watoto watatu. Jambo ninaloliandika kwa wengine litaonekana la starehe tu, lakini mimi limeninyima usingizi.

Tuko marafiki watano, tumekulia mtaa mmoja, tumeoa karibu miaka ile ile. Mmoja wetu ana mashua aliyorithi kwa baba yake, na tangu ujanani yeye ndiye anayetupeleka, kwa hiyo hapa nitamwita Nahodha. Kila mwaka bahari ikituruhusu tunatweka tanga na kwenda zetu kusini: Kigombe, kisha kisiwa cha Maziwe, halafu tunalala Ushongo au tunaingia Pangani. Hatuna haraka. Njiani tunarambaza tukitafuta nguru, usiku tunateremsha mishipi tupate changu na chewa, mchana tunaoga pale Maziwe maji yakipwa na mchanga ukatoka wote. Mwenzetu mmoja ni fundi wa samaki wa kupaka, anampika kwenye jiko la mkaa chombo kikiyumba na tui halimwagiki. Mule chomboni hatuulizani habari za kazi wala madeni. Safari hizo ndizo zimetuweka pamoja mpaka leo.

Mwaka jana tukirudi kutoka Maziwe nilikuwa nimekaa omo, mbele ya chombo, nakusanya mshipi wangu. Nikaona maji ya mbele yamegeuka rangi, ile buluu imekuwa kijani, na vichwa vya matumbawe vinaonekana vyeusi chini. Nikageuka kumtazama Nahodha. Yuko tezi, huko nyuma, kana ya usukani iko kwapani, ametulia, macho ameyaelekeza kule kule kwenye mwamba kama mtu asiyeona kitu. Nikapiga ukelele. Akausukuma usukani, foromali, ile boriti ya tanga, ikalia juu yetu, tukapita pembeni. Wenzangu walipouliza kulikoni, akacheka: "Nilitaka kujua kama mmelala." Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Siku ya pili ya Idi tulibaki wawili barazani kwake ndipo akaniambia. Jicho la kulia lina ukungu kama kioo kilichopata mvuke. Taa za usiku anaziona zimezungukwa na duara. Na mara nyingine mtu akimjia ubavuni hamwoni mpaka wamegongana. Hospitali hajaenda. Baba yake aliishia kupofuka, akawa anaongozwa na mjukuu kwa fimbo mpaka mauti yake, na Nahodha hataki kukaa mbele ya daktari amtajie hilo. Akanishika mkono akasema: "Hii ni amana. Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi." Nikamkubalia.

Tangu hapo nayaona mambo niliyokuwa siyaoni. Kamba ya demani, ile ya kulishikia tanga, anaipapasa kwanza ndipo aishike. Na kuna mchezo wake wa siku nyingi, tukiwa baharini huuliza: "Haya, nani wa kwanza kuuona mnara wa Ulenge? Nani atanihesabia madau yaliyo mbele?" Tulikuwa tunashindana kama watoto, anayeshinda anapewa kipande cha kwanza cha samaki. Kumbe muda wote huo tulikuwa tunamtazamia yeye.

Sasa ameamua kwamba Desemba hii, shule zikifungwa, tuvuke mpaka Pemba, tukafikie kisiwa cha Misali, na tuwachukue vijana wetu wa kiume. Mdogo wao ana miaka 11, wangu ana 13. Tuondoke kabla ya alfajiri, kungali giza. Wenzangu wamefurahi kupita kiasi, watoto ndio usiseme. Mke wangu ni mtu wa Pemba, na kwao walipoteza watu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, kwa hiyo habari ya kuvuka bahari haipokei kwa moyo mwepesi. Alifikiri siku mbili, akakubali, akaniambia: "Maadamu Nahodha ndiye anayeshika, sina wasiwasi." Neno hilo lilinichoma.

Nikiwaambia wenzangu, nimevunja amana na nimempoteza rafiki wa miaka arobaini. Nikinyamaza, Mungu apishie mbali. Nikisema siendi na kijana wangu haendi, wataniuliza sababu, na wao wataenda vilevile. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kwa nini silali. Nifanyeje?

Mwenye Amana, Tanga


Waaleikumu salaam, ndugu yangu Mwenye Amana.

Nianze kwa kukutahadharisha kwamba mimi ni mtu wa pwani ninayechafukwa na moyo hata kwenye pantoni ya kuvuka Pangani kwenda Bweni, nusu saa haifiki. Kwa hiyo mambo ya chombo yaliyomo humu nimeyauliza kwa mzee mmoja aliyekula ujana wake ndani ya majahazi, bila kumpa hata harufu ya nani kaandika.

Nikikuelewa vizuri, unabeba mizigo miwili na umeifunga pamoja. Upo ugonjwa wa rafiki yako, na ipo safari ya Desemba. Hebu ifungue kidogo. Siku ile ya Idi, Pemba ilikuwa imeshatajwa? Kwa mpangilio wa barua yako, safari imekuja baadaye. Rafiki yako alikuomba uyahifadhi macho yake yasiwe mazungumzo ya mtaa, nawe ukakubali, na hilo ni jambo la heshima. Je, angekwambia siku hiyo hiyo, "Nitawavusha watoto wenu mpaka Misali kwa macho haya, nawe usiseme," ungempa mkono? Siulizi ili upate tundu la kutorokea kwenye ahadi. Dini yetu inaitukuza amana, na dini hiyo hiyo inasema kusiwe na kudhuriana. Mambo hayo mawili yanakaaje pamoja katika hali yako, pengine utapenda kumuuliza sheikh unayemwamini, bila kutaja jina. Ninachokiuliza mimi ni kidogo kuliko hapo: uliahidi nini hasa, kwa maneno gani, na mangapi umejiongezea mwenyewe kwa hofu ya kumpoteza?

Halafu kuna jambo umeliandika kana kwamba halina mjadala, kwamba siku wenzako wakijua, ndiyo mwisho wake kuwa nahodha. Nilipomuuliza mzee wangu akanicheka. Katika majahazi makubwa, anasema, nahodha hakuwa akikumbatia kana kutwa kucha. Walikuwapo mabaharia wa kushika usukani kwa zamu, alikuwapo serahangi wa kuwasimamia, na chombo kikikaribia mwamba au mlango alisimamishwa kijana mwenye macho makali huko omo apige kelele za kushoto na kulia. Nahodha alikuwa mwenye kuamua: leo tunatweka au tunalala, upepo huu tuupokee au tuukimbie, hapa tutie nanga. Hakuna aliyemwona amepungua. Mashua yenu ni ndogo, kazi zote hizo zimemwangukia mtu mmoja, na kwa miaka mingi mmezoea kuziona ni kitu kimoja. Ukimgusia, atakwambia manahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli tupu. Lakini mwangalizi wa omo si nahodha wa pili.

Nilikomea sana kwenye ule mchezo wa mnara wa Ulenge. Wewe umeusoma kama hila, na inawezekana kweli ni hila. Mimi nimeona humo pia mtu anayejua kabisa alichopungukiwa, akatafuta namna ya kuazima macho ya wenzake bila kulipa gharama ya kusema. Maana yake, ndugu yangu, ni kwamba chombo hicho kina muda kinaendeshwa na nyote watano. Kinachonitia baridi ni kwamba wanaoazimwa macho hawajui. Wewe ulipopiga ukelele ule wa Maziwe ulikuwa kwa bahati omo, unakusanya mshipi. Ungekuwa nyuma unamenya vitunguu? Mtoto wa miaka 11 anayedhani anashindania kipande cha samaki ana haki ya kuchoka, kusinzia, au kutapika ubavuni, kama ningefanya mimi, na hapo mchezo umekwisha bila yeyote kujua kwamba kuna kazi imeachwa.

Na safari yenyewe haifanani na zile za kusini. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, mahali pengine kinapita 800, kwa hiyo katikati hakuna mwamba wa kuogopa. Lakini maji pale hukimbilia kaskazini, na Desemba upepo wa kaskazi unashuka ukiyakabili, vikikutana vinatoa mawimbi mafupi yaliyosimama. Anayeshika usukani anatakiwa aone wimbi linalokuja, si lililokwisha kumpiga. Kutoka Tanga gizani kuna taa za meli zinazosubiri bandari na kuna madau yasiyo na taa hata moja. Halafu niliambiwa kitu ambacho mimi nisingekifikiria: mkirudi kutoka Misali jioni mnaelekea magharibi, jua lote liko usoni, maji yanameta, na mwamba wa pwani ya Tanga uko hapo mbele. Jicho lenye ukungu huumizwa na mwako wa namna hiyo kuliko hata giza.

Sasa juu ya ugonjwa. Mimi si daktari, na hakuna daktari wa kupima macho kwa barua. Lakini naona rafiki yako ameshajihukumia upofu wa baba yake kabla hajaambiwa na mtu. Ukungu na zile duara kwenye taa huwapata sana wenye mtoto wa jicho. Huo ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko wowote duniani, na pamoja na hayo unatibika: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya kutengenezwa, na walio wengi hurudi kuona vizuri. Kutoona ubavuni kunaweza kuwa jambo jingine, presha ya macho, ambayo hula pembeni polepole bila maumivu na hupita katika familia. Hiyo kilichokwenda hakirudi, ila dawa za matone au upasuaji huweza kukilinda kilichobaki, ndiyo maana kila mwezi wa kungoja una gharama. Anaweza kuwa na mmoja, au yote mawili, au jingine kabisa. Hakuna ajuaye, hata yeye.

Huenda hapa ndipo pa kuanzia, na si kwenye safari. Badala ya kumwambia "nenda kapime," mwambie "twende." Kama anaona haya kukaa benchi la hospitali ya pale Tanga, kila anayepita anamsalimu kwa jina na kumuuliza anaumwa nini, kuna hospitali ya KCMC kule Moshi na ya CCBRT Dar es Salaam, na mtu kusafiri siku mbili na rafiki yake hakuhitaji maelezo kwa yeyote. Ujue tu kwamba hata akifanyiwa upasuaji mapema, huwa wanakatazwa maji yasiingie jichoni kwa wiki kadhaa, basi Desemba inaweza kuwa karibu mno. Na anaweza kukukatalia. Mtu aliyemwona baba yake akiongozwa kwa fimbo hakatai kwa ukaidi tu.

Kuzungumza naye kuhusu Pemba ni mlango mwingine. Usimfanyie barazani wapitao wakisikia, wala mkiwa majini. Kabla ya safari chombo lazima kipandishwe pwani kitiwe kalafati, pamba ya kuziba nyufa, na kupakwa sifa, yale mafuta ya samaki, na mikono ikiwa na kazi ya pamba na nyundo, watu wawili husemezana mambo ambayo ana kwa ana yasingetoka. Ukitaka maneno, jaribu kama haya: "Niliahidi kuyafichia watu macho yako. Sikuahidi kuwavusha watoto nayo. Nataka uwaambie wenzetu wewe mwenyewe, nami nitakaa kando yako." Atakasirika, karibu nina hakika. Atakwambia wewe ndiye mwoga. Anaweza pia kunyamaza siku nyingi, na wewe ujue mapema kama utauvumilia ukimya huo au utamkimbilia kuomba radhi na kulifuta ulilolisema.

Upo uwezekano wa kuigeuza safari bila kutaja jicho la mtu. Ukaomba mwanzo huu wa watoto uwe Kigombe na Maziwe, Pemba ibaki siku nyingine. Au muondoke jua limeshatoka, mtafute mzoefu wa kuvuka awe nanyi, kila mtoto awe na jaketi la kuokoa maisha mwilini, si lililofungwa chini ya mbao, na utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uwe umesomwa na wote. Sababu za kusema hivyo ni za kweli tupu, watoto ni wageni wa bahari kubwa na kaskazi si mzaha. Njia hii ni laini na inaweza kukupitisha mwaka huu. Ubaya wake ni kwamba utakuwa unamchezea yeye mchezo ule ule aliowachezea ninyi, na mwaka ujao mtarudi hapa hapa, macho yakiwa yamepungua zaidi.

Kuwaambia wenzako nako si kwa namna moja. Kuna kuwavuta pembeni mmoja mmoja, na kwa ninavyowajua wanaume wanaosema "usimwambie mtu," kabla ya Isha habari itakuwa imeshamfikia. Na kuna kumtangulia yeye kwa taarifa: nakupa mpaka siku fulani useme mwenyewe, usiposema nitasema mimi, na nakwambia leo ili usisikie kwa wengine. Yote mawili yanaweza kuuvunja urafiki. Ila katika hili la pili, kitakachovunjika hakitavunjwa mgongoni kwake.

Kuhusu kujitoa wewe na kijana wako, jibu umeliandika mwenyewe: wao wataenda vilevile. Nitakuachia swali, usilijibu haraka. Wale wenzako watatu nao ni akina baba. Kama mmoja wao ndiye angekuwa anaijua siri hii, akamwacha mwanao apande chomboni, wewe ungemtazamaje baadaye, hata kama wangerudi salama na samaki tele?

Naomba pia ujiulize unachokiogopa ni kumpoteza Nahodha au ni kuzipoteza safari. Hukuandika kama katika ninyi wanne yuko mwingine anayeweza kuipeleka mashua ile. Kama hayuko, miaka yote hii mmeuweka urafiki wenu wote juu ya mabega ya mtu mmoja, na huenda yeye anauelewa uzito huo kuliko ninyi. Akiacha kushika, mtakutana wapi? Sijui kama itamkalia, ila mtu anayejua kila fungu la mchanga kutoka Tanga mpaka Pangani, akakaa tezi na kuwafundisha vijana wenu usukani na kamba za tanga, joshi na demani, ndani ya maji anayoyajua hata amefumba macho, huyo bado ana kazi kubwa chomboni. Huenda hata hilo la vijana ndilo lililomsukuma kuitaka Pemba sasa hivi, kabla taa haijafifia zaidi. Muulize. Usidhani unajua.

Limebaki la mkeo, na kwangu ndilo zito. Yeye hakukuruhusu tu uende matembezini, ametoa ruhusa ya mwanawe, tena kwa sharti moja aliloliona linatosha, na wewe unajua sharti hilo limelegea. Hakuna ulichoahidi barazani kinachokuzuia kumwambia kwamba kuna jambo katika safari hii limekukosesha amani, hujawa huru kulieleza, na unaomba mtoto asiahidiwe kitu kwanza. Atahisi. Mtu wa Pemba aliyepitia 2011 hahitaji kuelezwa mara mbili, na anaweza kukubana mpaka useme usilotaka kusema, hiyo ndiyo hatari yake. Lakini utakuwa huna haja ya kulala umempa mgongo ukijifanya umesinzia. Ukianza naye au ukianza na Nahodha, hilo ulipime wewe unayewajua wote wawili. Niandikie ukishazungumza, hata kama aliondoka na nyundo yake akakuacha peke yako pwani.

Wako, Dada Mshauri